Mchi unapaa hadi darini: pedi ya kuhisi mwendo inajuaje mkono ulipo, na konsoli ipi ni rahisi kuitengenezea gemu?

Mtwangaji wa Sinza anauliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba msaada katika jambo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, na naomba radhi mapema kwa urefu wa maelezo, kwa kuwa nimeona maswali mafupi humu hujibiwa kwa maswali mengine.

Ninatengeneza gemu ya kutwanga. Wachezaji wawili wanasimama mbele ya runinga, kila mmoja ameshika pedi wima kama ashikavyo mchi, na kinu ni kimoja. Mchi wa huyu unaposhuka, wa mwenzake unapanda. Wanapokezana kama wafanyavyo akina mama wanaotwanga kisamvu uani, na anayevuruga mdundo ndiye anayepoteza pointi. Wazo hili nililipata nyumbani kwa shangazi yangu Kimara, siku ambayo umeme ulikatika tukiwa katikati ya gemu ya mpira. Nikatoka nje, nikamkuta yeye na binti yake wanatwanga bila hata kutazamana, na mdundo hauyumbi.

Vifaa nilivyo navyo ni pedi mbili za Wii, konsoli ya Nintendo, zilizokwisha kutumika, nilizozinunua Kariakoo, pamoja na kompyuta mpakato yenye Linux. Pedi zinaunganishwa kwa Bluetooth bila shida, na Linux yenyewe inazitambua: vitufe vinaonekana kama kifaa kimoja, na kihisi cha mwendo kama kifaa kingine. Nimeandika programu ndogo ya Python inayosoma namba za kihisi na kuzipeleka kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, ambamo gemu imo. Mpaka hapo mambo ni shwari.

Tatizo linaanza ninapotaka kujua mchi upo wapi. Nilirudi kwenye hesabu za kidato cha sita: pedi inanipa mchapuko, mchapuko ukijumlishwa kwa muda unanipa kasi, na kasi ikijumlishwa tena inanipa umbali. Nikaondoa mvutano wa dunia kwenye namba, nikailaza pedi mezani, nikatoa mkono. Mchi kwenye kioo ukaanza kupaa taratibu, kisha kwa haraka, na kabla sijahesabu hadi kumi ulikuwa umekwisha kutoka nje ya kioo, ilhali pedi imelala mezani haina habari. Nikiishika na kuizungusha kidogo mkononi, hali inakuwa mbaya zaidi.

Naomba kuelewa, kwanza, pedi hizi kwa hakika zinapima nini, na waliotengeneza gemu zinazotulia walifanyaje. Pili, mimi na mwenzangu tuko wawili tu na hatuna mtaji. Gemu hii ikikamilika, ni konsoli gani iliyo rahisi kuihamishia? Nimesikia watu wakisema kwamba PlayStation 3 iliwatesa watengenezaji kuliko zote za wakati wake, na sijaelewa inakuwaje mashine yenye nguvu zaidi ndiyo iwe ngumu zaidi.

Fundi Timazi anajibu:

Ndugu Mtwangaji, hesabu zako ni sahihi; kosa ni kuziamini namba unazoziingiza humo. Pedi haijui ilipo, wala haijawahi kujua. Inachojua ni jinsi inavyosukumwa, na yote mengine ni makisio ya programu.

Jifikirie umesimama ndani ya daladala, mkono kwenye bomba. Dereva akikanyaga breki unatupwa mbele, akiondoka kwa pupa unarudi nyuma, na hata ukifumba macho unaweza kumweleza konda gari limefanya nini. Ndani ya akselerometa, yaani kihisi cha mchapuko, abiria huyo ni kipande cha silikoni kisichoonekana vizuri kwa macho, kilichoning'inizwa kwa springi za silikoni hiyohiyo, na pembeni yake kuna meno kama ya vitana viwili vinavyoingiliana bila kugusana. Kipande kikisogea, nafasi kati ya meno hubadilika, na uwezo wa meno hayo kuhifadhi chaji ya umeme hubadilika nao. Chipu hupima badiliko hilo na kuligeuza kuwa volti. Kwenye pedi ya Wii iliyotoka mwaka 2006, chipu hiyo ni ADXL330 ya kampuni ya Analog Devices, inayopima mihimili mitatu (juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma) hadi takriban mara 3 ya mvutano wa dunia, yaani g 3, kila upande.

Abiria huyu ana udhaifu mmoja, nao ndio kiini cha swali lako: hawezi kutofautisha kusukumwa na gari na kuvutwa na dunia. Pedi iliyolala mezani haisomi sifuri. Inasoma g 1 kuelekea juu, kwa sababu meza inaizuia isianguke. Ukiiachia idondoke, muda wote ikiwa hewani inasoma karibu na sifuri, kana kwamba mvutano umezimwa. (Jaribu juu ya godoro, usijaribu juu ya vigae.)

Ulipoondoa g 1 uliamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba kihisi kinasoma g 1 kamili, na kwamba pedi imelala sawasawa kabisa. Tuseme kihisi kimekosea kwa asilimia 1 tu ya g, ambayo ni kama mita 0.1 kwa sekunda kila sekunda. Baada ya sekunda 1, kosa hilo limekusogeza sentimita 5, jambo ambalo hakuna mchezaji atakayeliona. Baada ya sekunda 10 limekusogeza karibu mita 5, kwa kuwa ukijumlisha mara mbili kosa hukua kwa mraba wa muda. Huo ndio mchi wako unaotoboa dari. Ukiizungusha pedi unaongeza balaa jingine: ile g 1 inaanza kuhamia kwenye mihimili mingine. Kwa mwinamo wa nyuzi 5 tu, mhimili uliokuwa wa ulalo unapokea karibu sehemu 9 kwa 100 za g, na programu yako inaamini kwamba mtu ameisukuma pedi pembeni.

Hata hivyo, pedi ikiwa imetulia, tabia hiyohiyo ni hazina, kwa sababu akselerometa inakuwa timazi. Inakuonyesha chini ni wapi, na kwa hiyo unajua pedi imeinama kiasi gani. Lakini timazi, kama kila fundi mwashi ajuavyo, itakwambia ukuta umesimama wima. Haitakwambia kama nyumba imeelekea kibla au imekipa kisogo. Ukiigeuza pedi kushoto na kulia bila kuinamisha, namba za mvutano hazibadiliki hata chembe. Hapo ndipo jairoskopu inapotakiwa.

Jairoskopu ya pedi ni kipande kingine kidogo kinachotetemeshwa mfululizo. Pedi inapogeuzwa, kipande hicho husukumwa kando na kani ya Coriolis, na ukubwa wa msukumo huo hutuambia kasi ya kugeuka kwa nyuzi kila sekunda. Ili kupata pembe unajumlisha mara moja tu, kwa hiyo kosa hukua polepole zaidi, ila hukua: kihisi kinachosoma nusu nyuzi kwa sekunda wakati kimetulia kitakupotosha nyuzi 30 kwa dakika moja. Kwa hiyo watu huwaoza wawili hawa. Jairoskopu inaaminiwa kwa muda mfupi, kwa sababu haiyumbishwi na mtikisiko wa mkono; timazi inaaminiwa kwa muda mrefu, kwa sababu haisahau chini ni wapi. Kila mzunguko wa programu unachukua pembe ya zamani, unaongeza ilichosema jairoskopu, unaipa jumla hiyo uzito wa 0.98, kisha unachanganya na pembe ya timazi kwa uzito wa 0.02. Ni mstari mmoja wa msimbo. Wapo watakaokushauri kichujio cha Kalman, ambacho ni hesabu nzito zaidi ya kazi hiyohiyo, nacho ni kizuri, lakini kwa kisamvu naona ni kumwita daktari bingwa aje kukufunga plasta.

Pedi za Wii za mwanzo hazina jairoskopu kabisa. Iliongezwa mwaka 2009 kwa kipachiko kiitwacho MotionPlus, na baadaye ikawekwa ndani ya pedi yenyewe. Zikague zako uone ni za kizazi gani. Pedi ya Sixaxis ya PlayStation 3 ilikuwa nayo tangu 2006, lakini kwa mhimili mmoja tu. Pedi za PlayStation 4 na Joy-Con za Switch zina mihimili mitatu ya kila kihisi.

Na hata ukiwa na vyote hivyo, umepata pembe, hujapata mahali. Anayetaka mahali lazima atazame kitu kilicho nje ya pedi. PlayStation Move ya mwaka 2010 iliweka mpira unaong'aa kwenye ncha ya pedi, na kamera iliyo karibu na runinga ikautazama: kwa kuwa ukubwa halisi wa mpira unajulikana, duara likionekana dogo mchezaji yuko mbali, likionekana kubwa yuko karibu. Wii nayo ilifanya kinyume chake, ikaweka kamera mkononi mwa mchezaji.

Mzee wa Kibanda, Mbagala, anajibu:

Hilo la kamera niachieni mimi. Nina kibanda cha gemu, na Wii yangu ni ya siku nyingi kuliko baadhi ya wateja wanaoicheza.

Karibu kila anayeingia kibandani anaamini kwamba kile kijiti cheusi kinachowekwa juu au chini ya runinga ndicho kinachohisi mwendo. Hakihisi chochote. Kina taa za infraredi tu, fungu moja kila ncha, na waya wake unaleta umeme peke yake. Kamera imo ndani ya pedi, nyuma ya ile plastiki nyeusi ya mbele, nayo inatazama mafungu hayo mawili kama nukta mbili. Nukta zikihamia upande mmoja wa picha, konsoli inajua pedi imeelekezwa upande mwingine. Mstari wa kuziunganisha ukiinama, inajua mkono umepindishwa. Zikikaribiana, inajua mchezaji amerudi nyuma. Kamera inaweza kufuatilia hadi nukta 4, kiasi cha mara 100 kwa sekunda. Mwenye shaka aelekeze kamera ya mbele ya simu yake kwenye kijiti kilichowashwa: kwa simu nyingi ataona vidoti vya zambarau ambavyo macho hayavioni.

Panya walipoukata waya wa kijiti changu, nilisimamisha mishumaa miwili juu ya kabati la runinga, nikaiachanisha kwa shubiri moja, na mshale ukarudi kwenye kioo kana kwamba hakuna kilichotokea. Moto wa mshumaa una infraredi ya kutosha. Tatizo ni kwamba jua nalo linayo. Kibanda changu kilikuwa na mlango upande wa magharibi, na kila ilipofika saa kumi alasiri mshale ulianza kurukaruka kama panzi, vijana wakadai fedha zao, nami nikadhani pedi zimekufa. Nilikuja kugundua siku ya mvua, ambapo mshale ulitulia kutwa nzima. Nikaihamisha runinga ukuta wa pili. Globu za zamani zenye waya wa moto nazo zinaleta vurugu hiyohiyo.

Lakini kwako wewe, kijana wangu, kamera haitasaidia. Mchi hushikwa wima, kwa hiyo kamera itakuwa inatazama dari au sakafu, haitaona nukta hata moja.

Jambo jingine ambalo wataalamu hulisahau ni runinga yenyewe. Gemu ya mdundo inadai picha ije papo hapo. Kwenye ile runinga yangu ya chogo hakukuwa na malalamiko. Nilipoleta ya kisasa, wachezaji walewale wakaanza kupiga kwa kuchelewa, kwa sababu runinga hizi huichakata picha kabla ya kuionyesha. Ingia kwenye mipangilio uchague hali ya gemu. Na kila mchezaji avae ule mkanda wa mkononi. Kwa joto hili la Dar mkono unatoa jasho, na mimi nina runinga moja stoo yenye ufa unaoanzia pale pedi ilipotua.

Binti wa Kijitonyama anajibu:

Kaka Mtwangaji, walionitangulia wamesema kweli tupu, ila naona wamekusindikiza mbali kuliko unakokwenda. Huhitaji kujua mchi upo wapi. Unahitaji kujua umetua lini.

Chukua mihimili yote mitatu, tafuta ukubwa wa jumla kwa kanuni ya Pythagoras, na usahau pembe. Pedi ikitulia, ukubwa huo ni g 1, vyovyote iwavyo mkononi. Mkono unaposhuka, ukubwa unapungua kuelekea sifuri; mkono unaposimama ghafla chini, unaruka juu. Weka vizingiti viwili: ukishuka chini ya 0.6 programu ijiandae, ukipita 1.8 ihesabu pigo, kisha ifumbe macho kwa sekunda 0.2 ili mtetemo wa mkono usihesabiwe kuwa pigo la pili. Mchi unaoonekana kwenye kioo uchore wewe mwenyewe ukiwa na mwendo ulioandaliwa tayari. Mchezaji ataapa kwamba unafuata mkono wake. Ndivyo ilivyokuwa kwenye tenisi ya Wii Sports: wateja wa Mzee hapo juu wataithibitishia jukwaa kwamba mtu angeweza kukaa kwenye benchi, akatikisa kifundo cha mkono tu, na mchezaji wa kwenye kioo akapiga pigo kamili la bega.

Kuhusu konsoli, nimetengeneza gemu kwa ajira kwa miaka kadhaa, na nitakujibu kwa mfano wa jikoni kwenye shughuli ya harusi. Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005, ilikuwa na wapishi watatu wanaolingana, yaani kokwa tatu za prosesa zinazokwenda kwa gigahezi 3.2, na stoo moja, yaani kumbukumbu, ya megabaiti 512 ambayo kila mpishi, pamoja na kichakata picha, aliingia mwenyewe na kuchukua anachotaka. PlayStation 3 ilikuja mwaka uliofuata na prosesa iitwayo Cell: mpishi mkuu mmoja, na wasaidizi wenye mikono myepesi ajabu, 6 kati yao wakiwa kwa ajili ya gemu. Lakini kila msaidizi alikuwa na kibao kidogo cha kilobaiti 256, ambapo maelekezo yake na vitunguu vyake vyote vilipaswa kutosha, na hakuweza kufikia stoo moja kwa moja. Kila kitu kilibidi kiagizwe, kiletwe kibaoni, kikatwe, kirudishwe, na shehena inayofuata iwe njiani kabla ya ile ya kwanza kwisha, la sivyo msaidizi anakaa bure. Stoo nayo iligawanywa mbili, megabaiti 256 za prosesa na 256 za picha.

Aliyeweza kupanga jiko hilo alipika pilau ya watu elfu, na gemu za miaka ya mwisho ya PlayStation 3 zinashuhudia hivyo. Ila wengi walikuja na msimbo ulioandikwa kwa mpishi mmoja au watatu, wakamwachia mpishi mkuu kazi yote, na ndiyo maana katika miaka ya mwanzo gemu iliyotoka kwenye konsoli zote mbili mara nyingi ilikwenda vizuri zaidi kwenye Xbox. Wii, dhaifu kuliko zote, yenye prosesa ya megahezi 729, ilikuwa ya kirafiki kwa sababu iliendeleza muundo wa GameCube, konsoli iliyoitangulia, ambao watu walikwisha kuuzoea. Sony walilitambua hilo: PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilirudi kwenye prosesa ya aina ileile iliyo kwenye kompyuta za kawaida, ikiwa na stoo moja ya gigabaiti 8.

Hayo yote, hata hivyo, kwa watu wawili wasio na mtaji ni historia tu. Godot itakuficha tofauti za prosesa; haitakuficha mlango. Vifaa na programu za kutengenezea gemu za konsoli hutolewa chini ya mkataba wa siri, na kwa kuwa msimbo wa Godot uko wazi kwa kila mtu, hauwezi kubeba ndani yake vitu vya siri. Kuihamishia konsoli humaanisha kuilipa kampuni iliyo na ruhusa, au kuipata ruhusa mwenyewe na kuifanya kazi hiyo. Mlango uliowahi kufunguliwa kwa upana ni wa Microsoft: mwishoni mwa 2006 walitoa XNA, programu ya kutengenezea gemu, ambayo kwayo mtu yeyote aliyejua lugha ya C# aliweza, kwa ada ya dola 99 kwa mwaka, kuiendesha gemu yake kwenye Xbox 360 ya dukani. Ilifungwa, lakini watu wa nje waliurithi mtindo wake katika MonoGame, inayotumika hadi leo. Tangu 2016, Xbox One ya kawaida nayo inaweza kugeuzwa kuwa mashine ya majaribio, ingawa kwa mipaka fulani.

Ushauri wangu ni umalize kwanza kwenye kompyuta. Sehemu inayosoma kihisi iweke kwenye faili lake peke yake, ambalo kazi yake ni kutangaza neno moja tu, "pigo", pamoja na nani kapiga na lini. Gemu isijue kama pigo limetoka kwenye Wii, Joy-Con au simu. Siku ukipata mlango, utabadilisha faili moja. Na simu usiidharau: nyingi zina akselerometa, kila kijana wa Sinza anayo mfukoni, na inaweza kutuma namba kwa Wi-Fi. Sijui tu ni nani atakayekubali kutwanga na simu yake.

Fundi Timazi anajibu tena:

Dada wa Kijitonyama ameniweka sawa kuhusu mahali, nakubali. Ila kwenye ukubwa wa jumla kuna mtego. Ukubwa unapungua kuelekea sifuri ikiwa mkono unashuka polepole kuliko kitu kinachoanguka chenyewe. Anayetwanga kwa nguvu husukuma mchi chini kwa kasi zaidi ya hapo. Usomaji wa kweli unavuka sifuri na kuwa hasi, na kwa kuwa Pythagoras hajui hasi, ukubwa utaanza kupanda tena mchi ukiwa bado hewani. Programu itahesabu pigo kabla ya kinu, kisha ihesabu jingine kwenye kinu. Pedi ikiwa wima, tumia mhimili wa urefu wake peke yake, pamoja na alama yake ya jumlisha au toa.

Mtwangaji wa Sinza anajibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Nimekuwa kimya kwa siku nne kwa sababu nilikuwa Kimara.

Nilianza na njia ya dada, vizingiti 0.6 na 1.8. Mimi na mwenzangu tulitwanga nusu saa bila kosa, nikaona mambo yamekwisha. Nikampa pedi shangazi. Kila pigo lake likahesabiwa mara mbili, na la kwanza likisikika mkono ukiwa bado usawa wa kiuno. Nikachora namba zake kwenye karatasi: mhimili wa urefu unatoka 1, unazama hadi chini kidogo ya hasi 2, kisha unaruka hadi karibu na 3 na kugota hapo. Binti yake, ambaye ni mpole zaidi, haifiki hata sifuri. Fundi ulisema kweli. Nilipoacha Pythagoras na kufuata mhimili mmoja wenye alama, pigo la pili likatoweka kwa wote wawili.

Lile faili la peke yake nimelifanya, na linatangaza "pigo" tu. Nilitaka litangaze na nguvu ya pigo, lakini kihisi kikishagota kwenye 3 hakitofautishi pigo kubwa na kubwa zaidi, kwa hiyo sasa napima ni kwa muda gani kimegota badala ya kimefika wapi. Bado sijaridhika nayo.

Shangazi naye alikuwa na malalamiko yake. Alisema mchi usio na uzito unamwumiza bega, kwa sababu mkono unajiandaa kubeba kitu ambacho hakipo. Akaleta mchi wa kweli. Tukaifunga pedi katikati ya mchi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ikiwa imelingana na urefu wa mti, na tukaiondoa kabisa shida ya mkono kupinda. Mchi ukigonga kinu, mchoro unasimama wima kama mwiba, na wakati wa pigo unajulikana hadi ndani ya sehemu moja kwa mia ya sekunda. Tumetwanga kisamvu cha kweli huku pointi zikisomeka kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya ndoo. Pedi moja imeingia maji ya kisamvu kwenye kitufe cha A na sasa kinanasa. Kama kuna anayejua namna ya kuifungua bila kuvunja zile skurubu zenye tundu la umbo la Y, naomba anielekeze.